Njia za Kumsomesha Rovelyn bila Kulipa Ada

Jumatatu, 7 Julai

Kosa wanalofanya watu wengi kuhusu ada ya chuo ni kwamba wanaanza kutafuta fedha. Fedha! Mtu anayeanza na fedha ameshashindwa, maana hana, ndiyo sababu anatafuta. Inatakiwa kuanza na njia. Nimefundisha hisabati ya sekondari tangu ujana hadi kustaafu, na hili ni jambo la mantiki tupu. Nimelieleza leo wakati wa chakula cha asubuhi. Mke wangu Consorcia amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemaliza na kikombe, anataka kukiosha.

Hali yenyewe ni hii. Mjukuu wetu Rovelyn amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha binafsi huko Iloilo mjini. Mwenye kulipa angekuwa mama yake, binti yetu Delia, anayefanya kazi za ndani Hong Kong. Mwezi uliopita waajiri wake wamehamia Kanada. Mbwa wamemchukua, Delia wamemwacha. Sasa anatafuta waajiri wengine na hawezi kutuma kitu. Kujiandikisha chuoni kunafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Asiyejiandikisha, nafasi yake anapewa mwingine.

Rovelyn naye ana mawazo yake. Nimemsikiliza kwa subira. Anasema chuo kinapokea wanafunzi wanaofanya kazi: wanafua, wanapanga vitabu, wanapunguziwa ada. Anasema mtu anaweza kulipa kidogo kidogo. Anaweza kununua vitabu vilivyotumika. Anaweza kuchukua masomo machache mwanzoni. Nikamweleza kwamba hizo ni njia za mtoto asiye na mtu wa kumfikiria. Yeye anaye.

Akasema, "Hilo ndilo linalonitia hofu, Babu."

Ucheshi ameuchukua kwa bibi yake.

Jumanne, 8 Julai

Njia ya kwanza! Chuo kinawasomesha bure wachezaji wa timu zake. Hilo watu wanalijua. Wasilolijua ni kwamba lazima uchague mchezo usio na wenyewe. Mpira wa kikapu huku kwetu wanacheza wote, hata mapadri. Lakini mchezo wa fimbo? Mchezo wa mababu, vijana wameutupa. Rovelyn atashindana na nani? Hakuna. Basi amepita.

Nikakata fimbo mbili za henzerani, nikamfundisha uani mvua ilipokatika. Niliwahi kuucheza ujanani mbele ya gavana, nikawa wa pili. (Tulikuwa wawili.) Mwili bado unakumbuka, ila unakumbuka polepole. Rovelyn hakutaka kunipiga. Nikamwambia asione haya, apige kama anapiga mwizi.

Akapiga. Kidole gumba cha kulia kimevimba kama ndizi ya kisukari. Ndiyo maana mwandiko huu unatia aibu.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Policarpio Gelvezon, aliyekuwa karani wa posta, aliona yote kutoka dirishani kwake. Akauliza kwa sauti kama Mwalimu anahitaji muuguzi sasa hivi, au atasubiri mpaka mmoja ahitimu. Barabara nzima ikacheka.

Mchana tukaenda chuoni. Kocha akasema wasichana wa fimbo anao mpaka hana pa kuwaweka. Mmoja amerudi juzi na nishani kutoka mashindano ya taifa. Akamuuliza Rovelyn ana uzoefu gani. Mtoto huyu hajui kusema uongo hata wa kujisaidia. Akasema amempiga babu yake.

Jumatano, 9 Julai

Usaliti! Consorcia amerudi sokoni na habari kwamba Gelvezon amemwombea mjukuu wake, Jhunrey, ufadhili wa Mfuko wa Doña Encarnacion. Huyo Doña alikuwa bibi mjane mwenye mashamba ya miwa, akafa bila mtoto, na mali yake inamsomesha mtoto mmoja kutoka kila mji: maskini, mwenye alama nzuri, tangu siku ya kwanza mpaka anahitimu. Ada, bweni, vitabu, hata viatu vyeupe vya uuguzi. Na Gelvezon hakuninong'oneza! Miaka yote tumekaa tukitazamana dirisha kwa dirisha!

Rovelyn alikuwa anamenya vitunguu saumu. Bila kuinua kichwa akasema yeye pia ameshaomba. Tangu Mei. Waliobaki kwa mji wetu ni yeye na Jhunrey tu, na alama zake ziko juu. Jumatatu mtu wa mfuko atakuja kutazama nyumba zote mbili, athibitishe umaskini, basi.

Umaskini tunao. Upande huo sina wasiwasi.

Kisha akaweka kisu chini akanishika mkono, ule usiovimba. Akasema ana ombi moja katika maisha yake yote. Nisifanye kitu. Nisiende popote, nisimwone mtu, nisimweleze mtu. Waje, waone, waondoke.

Nimeahidi. Ahadi ni ahadi. Lakini kufikiri si kufanya, na mtu yeyote aliyesoma anaijua tofauti yake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefikiri mpaka paka akachukua samaki wangu mkavu wa asubuhi.

Tatizo ni hili. Sisi ni maskini, lakini hatuonekani. Delia, enzi za wale wenye mbwa, alikuwa akituma vitu: televisheni pana kama mlango, friji, feni inayogeuza shingo, kabati la vioo lenye sahani ambazo hatujawahi kulia. Mgeni akiingia sebuleni hatatuona sisi, ataiona Hong Kong. Kuviondoa si udanganyifu. Ni kuondoa kinachoficha ukweli. Ukitaka kuona jibu la hesabu, unafuta kwanza yaliyoandikwa ubaoni na darasa lililopita.

Ila kwanza nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Teresing Monsale, kuchukua cheti cha umaskini. Nilimfundisha logarithimu huyu. Nikamwomba kwenye neno "maskini" aongeze "sana".

Akasema, "Mwalimu, umaskini hauna daraja la kwanza. Maskini ni maskini."

Nikamweleza kwamba kila kitu duniani kina vipimo. Akasema anajua, nilimchapa kwa hivyo vipimo, lakini akinipa mimi "sana" leo, kesho mtaa mzima utapanga foleni ukitaka "sana", na mwenyekiti wa mtaa wa pili ataleta "kupindukia". Nimerudi na cheti cha kawaida. Njiani nikaikumbuka ahadi. Lakini kuchukua cheti ni haki ya raia. Haki haihesabiki kuwa ni kufanya kitu.

Ijumaa, 11 Julai

Rovelyn amekwenda kwa shangazi yake Miagao kumsaidia kuuza samaki mpaka Jumapili, apate nauli ya mjini. Nafasi nzuri!

Vitu vyote vya Hong Kong vimehama. Nimeazima mkokoteni, nikavipeleka kwa Lourding mwenye duka la pembeni, rafiki wa Consorcia. Friji haijapoa vizuri tangu ihame, tayari amejaza barafu za kuuza. Viti navyo nimevitoa, vilikuwa na mito mizuri mno. Na meza.

Lourding akaniuliza kulikoni. Nikakumbuka kwamba nimeahidi kutomweleza mtu, kwa hiyo sikueleza. Nilisema tu kwamba Jumatatu kuna wageni wanakuja kutoka mjini kwa ajili ya Rovelyn.

Akaacha kufagia. Akauliza wageni wa namna gani.

Nikasema siwezi kutaja, ila mambo yakienda sawa mtoto amepata pa kuegemea maisha yake yote.

Akashika mdomo. Akauliza kama ni watu wazuri. Nikasema wana mashamba ya miwa. Hapo Lourding akatokwa na machozi, akaniuliza kama vitu hivi navitoa kwa sababu hiyohiyo. Nikasema ndiyo, kwa sababu hiyohiyo. Akasema, "Maskini Mwalimu! Umetoa mpaka viti!" Sikujua kama ana moyo wa elimu kiasi hicho. Zaidi ya hapo hakuuliza. Nimejivunia jinsi nilivyoitunza siri.

Consorcia aliporudi kutoka kanisani akasimama katikati ya sebule tupu. Akasema ni vizuri, sasa kuna mwangwi, nikieleza kitu atakisikia mara mbili.

Jumapili, 13 Julai

Misa. Nimeshikwa mikono kuliko siku niliyostaafu. Padri akanikonyeza, akasema msichana ni mdogo, ila Mungu ana mipango yake. Nikamwambia siku hizi wanaanza hata wadogo kuliko yeye. Akashtuka kidogo. Wanawake wa chama cha rozari walimzunguka Consorcia, mmoja akamwambia asihofu, hawawezi kumwacha aaibike. Consorcia akauliza kuaibika kwa jambo gani, wakambusu.

Habari za masomo zinapendwa sana mtaani kwetu.

Hata Gelvezon! Alinijia kwenye ngazi za kanisa, kofia mkononi. Akasema tumetaniana mengi, lakini siku kama ya kesho jirani ni jirani, niwe na amani. Ana jambo huyu. Mtu hawi mwema ghafla hivyo bila sababu.

Rovelyn amerudi jioni akinuka samaki. Akaingia, akatazama kuta, akauliza meza yake ya kusomea iko wapi. Nikamwambia iko salama kwa Lourding, pamoja na mengine. Akakaa sakafuni, maana hakukuwa na pengine. Nilingoja anigombeze. Akaegemeza mgongo ukutani. Akasema labda haidhuru. Sakafu ni yetu kweli. Waione sakafu.

Kesho!

Jumatatu, 14 Julai

Mwandiko umeharibika tena, na safari hii si kwa sababu ya kidole.

Asubuhi nilikwenda njia panda na mwavuli kumpokea mtu wa mfuko. Rovelyn akafuatana nami, akasema hawezi kuniacha peke yangu na mtu huyo hata mwendo wa kuvuka daraja. Gari lilichelewa kwa mvua. Mwishowe akashuka Bi. Trespeces, mwanamke mwembamba, mpole, na dereva wake mwenye kitambi kidogo. Njiani Rovelyn alimjibu kila swali vizuri. Mimi sikueleza kitu. Nilionyesha tu mahali mto unapofurika.

Tukakata kona.

Juu ya lango letu kuna bango. Juu ya bango kuna picha ya Rovelyn ya kuhitimu sekondari, kubwa kuliko mlango. Chini yake: KARIBUNI WAKWE ZETU.

Kwetu hapa, watu wa mvulana wakija kuposa, nyumba ya msichana haiachwi ionekane na upungufu. Kila jirani analeta kizuri alicho nacho, anakiweka kama cha mwenye nyumba, na siku hiyo hakisemwi ni cha nani. Lourding alikuwa ameniona natoa vitu. Akahitimisha kwamba nataka kuviuza ili nigharimie posa. Posa ya watu wa mashamba ya miwa! Akaupigia mtaa mbiu. Na mtaa, tulipokuwa njia panda, ukaja.

Nimeona sebule yangu. Sikuitambua. Televisheni yetu imerudi, na pembeni yake ya Lourding, na pembeni ya hiyo moja sijui ya nani. Friji yetu, na ya Gelvezon ubavuni mwake, kama maharusi. Sofa ya ngozi ya Gelvezon. Mapazia ya Gelvezon. Feni za watu wote zikigeuza shingo pamoja kututazama. Juu ya meza ndefu, nguruwe mzima wa kubanika, ngozi inang'aa kama kiti cha askofu. Tambi, keki za mchele, kaa. Mashine ya kuimbia imeshawashwa, na Teresing mwenyekiti, yule aliyeninyima "sana", anaimba wimbo wa mapenzi kwa macho yaliyofumbwa.

Consorcia amesimama jikoni, mikono kichwani. Amesema baadaye kwamba alijaribu kuwazuia, wakamwambia aache unyenyekevu.

Lourding akamkumbatia Bi. Trespeces, akamwita mkwe wangu. Akauliza kijana yuko wapi. Bi. Trespeces akasema hana mtoto wa kiume. Basi macho yote yakahamia kwa dereva. Nikasikia mama mmoja akinong'ona kwamba amekomaa kidogo, lakini afya anayo.

Rovelyn alieleza. Palepale, amesimama mbele ya yule nguruwe, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini isiyotetemeka. Bi. Trespeces alimsikiliza vizuri. Lakini nyuma ya Rovelyn kulikuwa na sofa. Akauliza sofa ni ya nani. Gelvezon akasema ni yake. Friji? Ya Gelvezon. Mapazia? Ya Gelvezon pia. Akatabasamu kwa adabu, akasema katika kazi yake ameingia nyumba nyingi ambazo vitu vyote ni vya jirani.

Nikaona niingilie. Nikaeleza. Consorcia anadai nilianzia kwenye logarithimu.

Kumwachia mgeni aondoke bila kula haiwezekani, hata awe amekuja kutuhukumu. Akakalishwa kwenye sofa, akala sahani mbili. Dereva nne. Wakafungiwa na sikio la nguruwe la kwenda nalo.

Kisha Bi. Trespeces akavuka barabara kwenda kwa Gelvezon.

Nilitazama kutoka dirishani kwetu. Kwa kuwa mapazia yao yako kwetu, niliona kila kitu. Jhunrey alikuwa peke yake, amekaa sakafuni, anasoma. Hakuna kiti. Hakuna friji. Hakuna feni. Ukuta na misumari. Rovelyn, aliyesimama karibu nami, alisikia Jhunrey akiulizwa familia inakula wapi. Jhunrey, ambaye hana hila hata chembe, akasema leo wanakula kwa majirani.

Bi. Trespeces akatoa kitambaa akajifuta macho.

Jumanne, 15 Julai

Jhunrey.

Bi. Trespeces amepiga simu mwenyewe, amezungumza kiungwana. Alama za Rovelyn ndizo zilizokuwa za juu. Lakini hawezi kuandika kwamba nyumba yenye friji mbili ni maskini. Na zaidi ya hapo, utaratibu wa mfuko hauruhusu kumsomesha anayekaribia kuoa au kuolewa. Bango amelisoma kwa macho yake. Rovelyn atabaki wa pili. Ikiwa aliyechaguliwa atajitoa kabla ya madarasa kuanza, wa pili ataingia. Rufaa hakuna. Rovelyn akamshukuru. Akamwuliza kama walifika salama.

Kutwa nzima amekuwa akirudisha vyombo vya watu. Anaosha, anafuta, anageuza sahani kutazama alama ya mwenyewe chini yake, anapeleka. Mimi nabeba. Kila mlango wanampa pole kwa mchumba aliyeghairi. Wanamwambia hao wenye miwa wana kiburi, ataona atapata mwingine. Anajibu asante. Nyumba ya kwanza nilifungua kinywa nieleze ukweli ulivyo.

Akasema, "Babu. Beba sahani."

Nikabeba.

Gelvezon alikuja kuchukua sofa. Alisimama mlangoni analowa, hakutaka kuingia. Akasema amewapigia simu watu wa mfuko kuwaambia nyumba yake ilikuwa tupu kwa sababu vitu vilikuwa kwetu. Wakamjibu kwamba unyenyekevu wake umeonekana. Akapiga tena. Wakamwambia asijidhalilishe. Alionekana kama mtu aliyekabidhiwa kifurushi kisicho chake. Chini ya koti alikuwa na vitabu, vya mpwa wake aliyesomea uuguzi, na sare nyeupe mbili zilizokunjwa. Zitafaa, akasema. Nikamwambia tutafikiria. Rovelyn alikuwa ameshavipokea kwa mikono miwili.

Najiuliza anatafuta nini, yule mzee.

Jumatano, 16 Julai

Mvua.

Leo sikufikiria njia yoyote. Naandika hivi ili ijulikane.

Consorcia haongei nami, anaongea na paka, kuhusu mimi. Amemwambia kwamba kuna watu wana digrii lakini hawana breki. Paka ameafiki.

Delia amepiga simu kutoka Hong Kong. Alikuwa analia kwa furaha, amesikia kwa mtu wa Lourding kwamba binti yake anaolewa na miwa. Rovelyn akatoka na simu hadi chini ya paa la nyuma. Waliongea kitambo. Sikusikiliza, ila kuta zetu ni mianzi. Nilisikia "sijui, Mama". Kisha "hapana, si kosa lake". Kisha tena "sijui, Mama".

Nilitaka kwenda kumwambia Delia mwenyewe. Sikujua ningeanzia wapi. Mimi!

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya mwisho ya kujiandikisha. Rovelyn aliondoka kabla ya chakula, akanikataza kumsindikiza hata hadi langoni. Amerudi alasiri, viatu mkononi.

Amejiandikisha.

Nusu ya masomo. Asubuhi darasani, mchana kufua mashuka ya hospitali ya chuo, na Jumapili pia. Ada iliyobaki atalipa kidogo kidogo. Malipo ya kwanza yametoka kwenye kabati la vioo la Consorcia, ambalo Lourding amelinunua pamoja na sahani zake. Vitabu ni vile vya mpwa wa Gelvezon. Anasema kozi ya miaka minne kwa mwendo huo itachukua sita. Labda saba. Alisema kama mtu anayesoma saa za mabasi.

Walimjaribu kazi leo leo. Mikono yake ilikuwa myekundu, inanuka dawa ya kufulia. Alikula nusu ya wali wake akasinzia palepale mezani, shavu karibu na sahani. Consorcia akaivuta sahani polepole, akanitazama. Macho yake yalisema nisieleze kitu.

Sikueleza.

Nina miaka sabini na sita. Ongeza sita. Ongeza na moja ya "labda". Ni hesabu ya darasa la kwanza, na nilikaa nayo barazani mpaka kikombe kikapoa. Nilitaka kumwona amevaa nyeupe, anaitwa jina ukumbini, mimi nimekaa mbele nikiwa bado nasikia. Ng'ambo ya barabara Jhunrey alikuwa anajaribu viatu vyake vya mfuko, anatembea kwa uangalifu sebuleni, huku babu yake akimwelekeza kutoka kwenye sofa.

Na hapo nikaona kosa lilikuwa wapi.

Njia yenyewe haikuwa na kosa. Ilifanya kazi kikamilifu. Ilitumika tu upande usio wake wa barabara. Bi. Trespeces alisema wazi, na mimi nilimsikia: mfuko haumsomeshi anayekaribia kuoa, na aliyechaguliwa akitoka kabla ya madarasa, wa pili anaingia. Madarasa bado. Jhunrey ni kijana mrefu, mpole, mwenye haya, na watu wa namna hiyo huposewa hata bila wao kujua. Bango linachapishwa kwa siku moja. Nguruwe mtaa wenyewe utamtafuta. Na mfuko unaweza kuarifiwa na raia yeyote mwema mwenye simu.

Rovelyn amenitaka asubuhi niahidi tena kwamba sitafanya kitu. Nimeahidi, na sitavunja. Mimi sitafanya kitu. Lourding ndiye atakayefanya.

Mvua imepungua. Nimejiambia: usingoje kesho, nenda dukani leo, nunua chumvi, na wakati Lourding anakurudishia chenji mwambie kwamba Jhunrey amepata mchumba.